Kwani Jumatatu si holidei? Kupanga likizo, pesa na shughuli za mji kwa kalenda ya sikukuu

Mwaka 2026, Siku ya Mazingira, 10 Oktoba, ni Jumamosi. Jamhuri, 12 Desemba, ni Jumamosi. Siku ya pili ya Krismasi, 26 Desemba, Jumamosi pia. Kalenda ikikaa hivi swali huwa moja, kuanzia barazani Mji wa Kale hapa Mombasa hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya kazini: "Kwani Jumatatu si holidei?"

Si holidei. Na mkanganyiko hauishii hapo. Kuna mwenye nyumba Kisauni anayeamini kuwa kodi ya KRA (mamlaka ya mapato) inayoangukia Siku ya Mashujaa inaweza kulipwa kesho yake. Kuna mhudumu wa duka Marikiti aliyeambiwa siku zake za likizo "zimeliwa" na Pasaka, naye akakubali. Kuna mtu wa Likoni aliyeingiza hundi Alhamisi akitarajia pesa Jumamosi, hazionekani. Makosa haya yana mzizi mmoja: sikukuu inachukuliwa kuwa kitu kimoja chenye athari moja. Kumbe tarehe moja nyekundu ukutani inamgusa mwajiri kivyake, KRA kivyake, mahakama kivyake, benki kivyake, na mkopo wa simu hauguswi hata kidogo. Kabla ya kupanga chochote, jiulize unashughulika na saa ya nani.

Maneno ya kuanzia

Sikukuu za kitaifa ni tatu tu, na zimetajwa katika kifungu cha 9 cha Katiba ya Kenya ya 2010: Madaraka 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba na Jamhuri 12 Desemba. Sikukuu za umma ni nyingi zaidi. Zinatoka katika Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Siku ya Wafanyakazi 1 Mei, Idd-ul-Fitr, Mazingira 10 Oktoba (hiyo ndiyo iliyokuwa Siku ya Moi, kisha Huduma, kisha Utamaduni), Krismasi na 26 Desemba, pamoja na zile tatu za Katiba. Kwa mfanyakazi, tofauti ya "kitaifa" na "umma" haibadilishi malipo wala mapumziko.

Maneno mawili yanayobadilisha mambo ni siku ya kazi na siku ya kalenda. Siku ya kalenda ni kila siku inayopambazuka. Siku ya kazi ni ile ambayo mahali husika huwa pamefunguliwa kwa kawaida. Kuhesabu siku za kazi ni kama kuhesabu magari pale kivukoni Likoni: foleni inaweza kufika mbali, ila unahesabu yale tu yaliyopanda feri. Ukiambiwa "siku 5 za kazi" jioni ya Alhamisi inayotangulia Ijumaa Kuu, usihesabu hadi Jumanne. Mwaka 2026 siku ya kwanza ya hesabu hiyo ilikuwa Jumanne tarehe 7 Aprili, na ya tano Jumatatu tarehe 13.

Basi hapa ndipo penye kanuni ya Jumapili. Sheria inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ambayo yenyewe si sikukuu inakuwa sikukuu. Maneno "ambayo yenyewe si sikukuu" ni ya muhimu. Krismasi ya 2022 ilikuwa Jumapili, na Jumatatu tayari ilikuwa sikukuu ya 26 Desemba, kwa hivyo mapumziko ya ziada yakasogea hadi Jumanne tarehe 27. Jumamosi haina kanuni kama hiyo. Sikukuu ya Jumamosi inabaki pale pale.

Watu husema imepotea. Imepotea kwa nani? Anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa hapati kitu, kweli. Lakini mji huu umejaa watu wa siku 6: maduka ya vifaa vya ujenzi, maghala ya Shimanzi, karakana, saluni, nyumba zenye wasaidizi. Kwao Jumamosi ni siku ya kazi kamili, na ikiwa sikukuu, ni haki yao kupumzika kwa malipo au kulipwa kwa kiwango cha sikukuu wakiitwa kazini. Wengi hawaidai kwa sababu wamesikia ofisini kwa watu wengine kwamba "ya Jumamosi haihesabiki".

Sikukuu zinazotangazwa ghafla

Waziri wa Usalama wa Ndani ana mamlaka ya kutangaza siku nyingine yoyote kuwa sikukuu kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kwa ajili ya kupanda miti. Tarehe 29 Aprili 2022 ilikuwa siku ya maziko ya kitaifa ya Rais mstaafu Mwai Kibaki. Siku kama hizi huja na taarifa ya siku chache, pengine saa chache, na hakuna mpango wa pesa unaoweza kuzitabiri. Kinachowezekana ni kutoweka jambo kubwa kwenye siku ya mwisho ya muda wake.

Kuhusu picha za tangazo zinazosambaa usiku: tangazo la kweli lina nambari ya Gazeti Rasmi, linataja Sheria ya Sikukuu za Umma, lina jina la waziri aliye madarakani na tarehe kamili yenye mwaka. Picha nyingi zinazorudi kila mwaka ni matangazo halisi ya zamani yaliyokatwa pale penye mwaka. Angalia mwaka kwanza. Kisha angalia kama siku ya wiki inalingana na tarehe. Hapo ndipo za bandia hukwama.

Idi: saa ya mwezi

Hapa Mombasa ndiyo sikukuu inayochanganya zaidi, na sababu yake inaeleweka vizuri ukitenganisha Idi mbili.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 10 au 11, ndiyo maana Idi hurudi nyuma kila mwaka. Idd-ul-Fitr ni Mfunguo Mosi, siku ya kwanza baada ya Ramadhani. Mwezi hutazamwa magharibi ya tarehe 29 Ramadhani. Ukiandama, kesho ni Idi, usipoandama inatimizwa 30. Maana yake ni kwamba hadi magharibi ile hakuna anayejua kwa yakini. Idi ya kuchinja, Idd-ul-Azha, ni tarehe 10 ya Mfunguo Tatu. Mwezi wake huandama siku kama 9 kabla ya Idi yenyewe. Kwa hivyo Idi ya kuchinja hujulikana zaidi ya wiki moja kabla, na Idi ya Ramadhani hujulikana usiku wa kuamkia. Ukishika tofauti hii, nusu ya wasiwasi wa kupanga Idi unaisha.

Serikali nayo inahitaji kuchapisha tangazo mapema, kwa hivyo tarehe ya Gazeti Rasmi inaweza isilingane na mwandamo. Juu ya hayo, wapo wanaofuata mwandamo wa hapa kwetu kama unavyotangazwa na Kadhi Mkuu, na wapo wanaofuata tangazo la Saudia. Familia mbili za mtaa mmoja zinaweza kuswali Idi siku mbili tofauti. Kisheria, siku ya mapumziko ya kulipwa ni ile iliyochapishwa. Ukiswali siku nyingine, siku hiyo itatoka kwenye likizo yako au kwenye makubaliano na mwajiri. Andika ombi wiki 2 kabla, kwa maneno yanayoacha nafasi: "Naomba siku moja ya likizo kwa ajili ya Idd-ul-Fitr, tarehe 20 au 21 Machi, kutegemea mwandamo wa mwezi." Meneja mwenye busara hulikubali ombi la namna hii, kwa sababu limempa nafasi ya kupanga zamu. Linalokataliwa ni lile la saa 3 usiku mwezi ukishaandama.

Jambo jingine ambalo wageni kutoka bara hawalijui: Idd-ul-Fitr imo katika orodha kuu ya sheria, ya watu wote. Idd-ul-Azha katika sheria ni ya Waislamu, kama Diwali ilivyo ya Wahindu. Inakuwa mapumziko ya nchi nzima pale waziri anapoitangaza hivyo, na mara nyingi hutangaza. Usipange safari ya ofisi nzima juu ya Idi ya kuchinja kabla hujaona tangazo.

Na mji una desturi yake isiyoandikwa popote. Gazeti Rasmi hutoa siku moja, lakini maduka mengi ya Mji wa Kale, Marikiti na Bondeni hufungwa siku 2 au 3. Fundi wa bomba, fundi wa umeme, muuza vipuri: usiwatarajie siku ya pili ya Idi. Kama tangi la maji linavuja, lishughulikiwe kumi la mwisho la Ramadhani likianza, si likiisha. Mafundi cherehani hujaa mapema zaidi. Kitambaa cha kanzu au gauni kikipelekwa baada ya nusu ya Ramadhani, unaomba hisani. Peleka Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, chukua vipimo, lipa nusu, na uandikiwe tarehe ya kuchukua iliyo siku 4 au 5 kabla ya Idi ili kuwe na muda wa kurekebisha.

Likizo: siku 21 ni siku za kazi

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28, inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo kamili kila baada ya miezi 12 ya utumishi. Ukiondoka kabla ya mwaka kutimia, ilimradi umefanya miezi 2 au zaidi, unastahili siku 1.75 kwa kila mwezi. Kanuni za jumla za mishahara zinaongeza kuwa likizo ni mbali na sikukuu za umma, mbali na siku ya mapumziko ya wiki, na mbali na likizo ya ugonjwa.

Kwa hiyo sikukuu iliyo katikati ya likizo haikatwi. Yule mhudumu wa Marikiti, anayefanya Jumatatu hadi Jumamosi, akichukua likizo kuanzia Jumatatu 30 Machi hadi Jumamosi 11 Aprili 2026, amekaa nje siku 13 za kalenda. Watu wa hesabu za haraka humkata 12, yaani wiki 2 za siku 6. Hesabu sahihi ni: wiki ya kwanza, Jumatatu hadi Alhamisi ni siku 4, Ijumaa Kuu haihesabiwi, Jumamosi ni 1. Wiki ya pili, Jumatatu ya Pasaka haihesabiwi, Jumanne hadi Jumamosi ni 5. Jumla 10. Ana siku 2 anazodai, na azidai kwa maandishi, fomu ya likizo mkononi na kalenda pembeni.

Kuna wanaosikia haya wakaamua kuivunja likizo yote vipande vipande, siku moja hapa ya kuunganisha, moja kule. Sheria inataka mwajiri na mfanyakazi wakubaliane kuigawa, na isipokuwa mkataba unasema vingine, kipande kimoja kiwe wiki 2 mfululizo ndani ya mwaka ule. Zinazobaki zichukuliwe ndani ya miezi 18 baada ya mwaka wa likizo kwisha. Wiki 2 ni siku 10 kwa mtu wa siku 5, au 12 kwa mtu wa siku 6. Kwa hivyo siku za kuunganisha ulizo nazo ni 11 au 9, si 21. Uzitumie penye faida.

Mwaka 2026 faida ziko wapi? Kwa mtu wa Jumatatu hadi Ijumaa, 1 Mei ni Ijumaa na 1 Juni ni Jumatatu, wikendi ndefu mbili zisizogharimu siku hata moja. Mashujaa ni Jumanne: likizo ya siku 1, Jumatatu tarehe 19, inakupa siku 4 mfululizo. Mwisho wa mwaka ndio wenye mavuno. Likizo ya tarehe 21 hadi 24 na 28 hadi 31 Desemba ni siku 8, na unakaa nyumbani kuanzia Jumamosi 19 Desemba hadi Jumapili 3 Januari, siku 16. Mtu wa siku 6 akichukua kipindi hicho hutumia siku 10, maana Jumamosi 19 Desemba na Jumamosi 2 Januari ni za kazi kwake, lakini Jumamosi 26 Desemba anaipata bure. Ile "iliyopotea".

Wiki ya mwisho ya Mei inahitaji uangalifu. Idd-ul-Azha ilikadiriwa karibu na Jumatano 27 Mei. Ikiangukia hapo na ikatangazwa kwa wote, likizo ya Alhamisi na Ijumaa, siku 2, inaungana na Madaraka ya Jumatatu kuwa siku 6. Mpango mzuri, ila ni wa kuandikwa kwa penseli mpaka mwezi wa Mfunguo Tatu uandame. Usinunue tiketi isiyorudishwa pesa kabla ya hapo.

Wafanyakazi wa hoteli, kuanzia Shanzu hadi Diani, wana kalenda iliyopinduka: Desemba, Pasaka na Idi ndiyo misimu yao ya kazi. Likizo zao hupangwa msimu wa mvua, Mei na Juni. Kwao kinachofaa kujua ni malipo.

Ukiitwa kazini siku ya sikukuu

Kanuni za jumla za mishahara zinasema kazi ya siku ya sikukuu au siku ya mapumziko hulipwa mara mbili ya kiwango cha saa. Muda wa ziada wa siku za kawaida ni mara moja na nusu. Kiwango cha saa hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225.

Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 18,000. Ukigawa kwa 225 unapata 80 kwa saa. Mara mbili ni 160. Zamu ya saa 8 siku ya Jamhuri ni shilingi 1,280. Kosa la kawaida ni kugawa mshahara kwa 30 kisha kulipa "siku moja ya ziada", ambayo hapa ingekuwa 600. Tofauti ya 680 kwa siku moja, na mlinzi au mpishi anaweza kuitwa sikukuu zote za mwaka. Mikataba ya vyama vya wafanyakazi inaweza kutoa zaidi ya hapo. Haiwezi kutoa pungufu.

Msaidizi wa nyumbani yumo ndani ya sheria hii sawasawa na karani wa benki. Yaya anayelala kwako, akapika pilau ya Idi na kuosha vyombo vya wageni hadi usiku, amefanya kazi siku ya sikukuu. Kumpa leso na nauli ni wema, na wema hauchukui nafasi ya malipo. Kama mnakubaliana apewe siku nyingine badala ya pesa, iandikwe, na itajwe tarehe.

Pesa: kinachosimama na kisichosimama

Benki hufunga sikukuu na Jumapili. Hundi husafishwa, yaani pesa zake huingia, kwa siku moja ya kazi, ikiwa imeingizwa kabla ya saa ya mwisho ya tawi. Aliyeingiza hundi alasiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili 2026 hakuwa wa kutarajia pesa kabla ya Jumanne tarehe 7, na aliyechelewa saa ya mwisho, Jumatano. Uhamisho wa pesa nyingi kati ya benki, uitwao RTGS, ambao ndio njia ya kiasi kinachozidi milioni moja kwa kuwa hundi hazivuki hapo, huenda siku za kazi. PesaLink, ya kutuma pesa benki hadi benki, hufanya kazi usiku na mchana, sikukuu au la, hadi shilingi 999,999 kwa mara moja. M-Pesa nayo hailali, lakini ina mipaka: 250,000 kwa muamala, 500,000 kwa siku. Malipo ya kiwanja au gari yanayosubiri Jumamosi Kuu yatakwama hapo.

Kwa nini wakala hukosa pesa taslimu siku ya pili ya Pasaka ilhali "mtandao uko sawa"? Wakala ana mifuko miwili: noti zilizo kwenye droo, na floti iliyo kwenye simu. Mteja akitoa 5,000, droo inapungua 5,000 na floti inaongezeka 5,000. Siku ya kawaida wakala wa Majengo akiishiwa noti humtuma kijana benki, anabadilisha floti kuwa noti, anarudi. Wikendi ya Pasaka mji umejaa wageni, kila mtu anatoa, hakuna anayeweka, na benki imefungwa tangu Alhamisi jioni isipokuwa matawi machache ya Jumamosi asubuhi. Jumapili adhuhuri floti imejaa na droo ni tupu. Kumlaumu wakala hakusaidii. Toa Alhamisi kabla ya saa 6 mchana, gawanya noti zako ziwe za 50, 100 na 200 kwa ajili ya matatu, tuktuk na soko, na malipo ya dukani yafanye kwa nambari ya tili.

Mikopo ya simu haijui sikukuu. Riba na faini huenda kwa siku za kalenda, na makato hufanyika hata alfajiri ya Krismasi. Kama tarehe ya kulipa imeangukia katikati ya siku 4 za mapumziko na pesa zako ziko kwenye hundi, zihamishe mapema.

Sasa kodi, na hili watu wa biashara ndogo huumia nalo. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na kodi ya pango ya kila mwezi hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kufikia tarehe 9. Tarehe hiyo ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, Sheria ya Taratibu za Kodi inairudisha nyuma hadi siku ya kazi iliyotangulia. Hairuki mbele. Mashujaa ni 20 Oktoba, kila mwaka, milele juu ya tarehe ya VAT. Kwa 2026 siku ya mwisho ni Jumatatu tarehe 19, ile ile ambayo wengi watakuwa wamechukua likizo ya kuunganisha. Na 20 Desemba 2026 ni Jumapili, kwa hivyo mwisho ni Ijumaa tarehe 18. Faini ya kuchelewesha fomu ya VAT ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Ingia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, tarehe 14 au 15, wakati mfumo haujalemewa.

Mahakama ni kinyume. Siku ya mwisho ya kuwasilisha hati ikiwa Jumapili au sikukuu, muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Katika kesi za madai, kipindi cha 21 Desemba hadi 13 Januari hakihesabiwi kabisa, isipokuwa mahakama iamue vingine. Basi mtu aliyezoea utaratibu wa wakili wake asiupeleke KRA. Atapigwa faini akiwa na imani kamili kuwa amewahi.

Shughuli za mji

Huduma Centre ya Mombasa, kituo cha huduma za serikali, hufungwa sikukuu, na siku ya kwanza baada ya wikendi ndefu foleni yake huwa ndefu kuliko siku zote. Nenda siku ya pili au ya tatu. Mambo ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaweza kuyaanzisha usiku wowote, lakini hatua inayohitaji ofisa, kama alama za vidole, inasubiri siku ya kazi.

Dawa za kila siku ndizo za kuangaliwa kuliko kitu kingine. Mwenye sukari, presha au anayetumia ARV ahesabu vidonge siku 10 kabla ya Pasaka, Idi na Krismasi. Kama kliniki imeangukia siku ya sikukuu, nenda siku ya kazi iliyotangulia, usingoje inayofuata. Idara ya dharura ya hospitali kuu ya Makadara iko wazi saa zote, ila dharura si mahali pa kuchukua dawa za mwezi.

Tiketi za treni ya SGR hukatwa kwa *639# au mtandaoni, na kabla ya sikukuu za Desemba daraja la kawaida, lililokuwa shilingi 1,500 kwa nauli za 2024, huisha kwanza. Kata ya kurudi siku hiyo hiyo unayokata ya kwenda; wengi hukwama upande wa kurudi, tarehe 2 na 3 Januari. Beba kitambulisho ulichokatia tiketi, na kumbuka stesheni iko Miritini: kutoka kisiwani uondoke mapema ya kutosha kwa msongamano wa Changamwe na ukaguzi wa mizigo. Kwa wa Pwani kusini mwenye gari, barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na feri jioni ya Idi na ya Mwaka Mpya, wakati Likoni kunapojaa kupita kiasi.

Sokoni, vitu vikavu (mchele, unga, mafuta, tende, viungo) havina sababu ya kungoja. Nunua wiki 3 kabla. Nyanya, viazi na vitunguu hufika Kongowea kwa malori ya usiku kutoka bara, na bei yake hupanda siku 2 au 3 za mwisho mahitaji yakizidi mzigo. Hivyo ni vya wiki ya mwisho, lakini si vya mkesha.

Mshahara wa tarehe 20

Waajiri wengi hulipa Desemba mapema, kwa nia njema. Mshahara wa tarehe 20 Desemba, ukifuatwa na wa 31 Januari, unatakiwa kukaa siku 42, yaani wiki 6, badala ya siku 30 au 31. Ndani yake kuna Krismasi, Mwaka Mpya, kodi ya nyumba ya Januari, karo na sare za muhula wa kwanza. Fanya hivi siku ile ile ujumbe wa benki unapoingia: toa kwanza kodi ya nyumba na karo, uziweke mahali pasipo na kadi wala PIN ya haraka. Kinachobaki gawanya kwa 6. Hiyo ndiyo pesa ya wiki. Ukiona ni ndogo mno kwa safari uliyokuwa umepanga, umeiona ukiwa bado Mombasa na tiketi hujakata.

Kwa wanaopenda kuomba mapema: mwaka 2027 Ijumaa Kuu ni 26 Machi. 1 Mei ni Jumamosi, haisogei. Madaraka ni Jumanne, omba Jumatatu 31 Mei. Uchaguzi mkuu, kwa mujibu wa Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti, tarehe 10. Mazingira na Jamhuri zote zinaangukia Jumapili, kwa hivyo Jumatatu 11 Oktoba na Jumatatu 13 Desemba ni mapumziko. Krismasi ni Jumamosi, inabaki hapo. 26 Desemba ni Jumapili, na Jumatatu tarehe 27 ni holidei.